Kidonge cha presha kinapozaa ugonjwa wa pili

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, mkazi wa Tanga au wa Machakos, haidhuru. Presha yake imepimwa mara tatu na kila mara imekutwa juu. Anaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5, na isiposhuka ya kutosha anapandishiwa hadi 10. Wiki chache baadaye, kila jioni miguu imevimba. Ukibonyeza kifundo kwa kidole, shimo linabaki. Majirani wanasema ni figo. Anakwenda zahanati nyingine na kuandikiwa furosemidi, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Lasix. Uvimbe unapungua kidogo lakini hauishi, na sasa usiku halali kwa safari za chooni. Potasiamu ya mwilini inashuka, misuli inamkaza. Asidi ya yuriki inapanda, na kidole gumba cha mguu kinawaka moto kwa jongo. Kwa maumivu hayo ananunua diklofenaki duka la dawa, bila cheti. Diklofenaki inapandisha presha na kuzibana figo. Akirudi kliniki, presha iko juu kuliko mwanzo, na zile figo zilizokuwa zimesingiziwa sasa zimeanza kulegea kweli.

Kila aliyemhudumia mama huyu alitibu alichokiona mbele yake. Lililokosekana ni swali moja: tatizo hili jipya lilianza kabla ya kidonge au baada yake? Katika miaka ya 1990 madaktari Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza mnyororo wa namna hii katika majarida ya tiba. Dalili iliyoletwa na dawa inadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, inapewa dawa yake, na dawa hiyo ya pili inaleta dalili zake. Mwaka 2020 watafiti wa Ontario, Kanada, waliopitia kumbukumbu za wazee wenye presha walikuta kwamba waliotoka kuanzishiwa dawa za jamii ya amlodipini waliandikiwa dawa za kukojosha mara nyingi zaidi kuliko walioanzishiwa dawa nyingine za presha, tena ndani ya siku 90 tu. Ontario ina kumbukumbu zinazounganisha vyeti vyote vya dawa vya wazee wake. Kwetu daftari la kliniki mara nyingi linabaki nyumbani, na mgonjwa anayezunguka vituo vitatu ana historia tatu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, karibu nusu yao bila kujua, na ni kama mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Sababu ni nyingi: bei, umbali wa kliniki, dawa kuisha stoo. Lakini mojawapo ni kwamba presha haiumi. Mwenye malaria humeza dawa na kuiona homa ikiondoka. Mwenye presha alikuwa mzima machoni pake mpaka siku alipomeza kidonge. Kikimletea kikohozi au miguu mizito, hesabu yake ni rahisi: hiki ndicho kinachoniumwisha. Basi anakiacha kimyakimya. Muuguzi akimuuliza, "Dawa unatumia, mama?" jibu linakuwa, "Natumia, mwanangu," maana kusema vinginevyo ni kujitafutia mahubiri. Daktari naye, akiona presha iko juu kwa mtu "anayetumia dawa", anaongeza dawa.

Nionavyo mimi, maudhi mengi ya dawa hizi yanavumilika au yanarekebishika, na yale yanayoua ni machache tena yana sura yake. Kinachotakiwa ni kuyatenganisha: lipi linapungua dozi ikipungua, lipi haliondoki mpaka dawa ibadilishwe, na lipi ni la kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Miguu ya amlodipini iko kundi la kwanza. Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye tishu, lakini mishipa inayoirudisha hailegezi kwa kiasi hichohicho. Damu inaingia kwa nguvu kwenye kapilari, msukumo humo unapanda, na maji yanachujika kwenda nje. Kwa kuwa mchana kutwa tunasimama na kukaa, maji hayo hutuama vifundoni, na asubuhi baada ya kulala huwa yamepungua. Mwili haujahifadhi maji ya ziada kama inavyokuwa moyo ukichoka. Maji yamehama tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Ndiyo maana Lasix haifui dafu hapa. Inakausha mwili mzima kwa ajili ya maji yaliyo vifundoni.

Katika majaribio yaliyomo kwenye maelezo rasmi ya dawa hiyo huko Marekani, uvimbe ulionekana kwa asilimia 1.8 ya waliomeza miligramu 2.5, asilimia 3 ya waliomeza 5, na asilimia 10.8 ya waliomeza 10. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 0.6. Wanawake walivimba zaidi ya mara mbili ya wanaume. Kutoka 5 kwenda 10 ni hatua inayoandikwa kwa mkono mwepesi sana, nayo ndiyo inayouzidisha uvimbe zaidi ya mara tatu. Njia bora kwa wengi ni kurudi 5 na kuongeza kiasi kidogo cha dawa ya jamii nyingine, hasa ile inayolegeza na mishipa ya kurudisha damu. Uvimbe hupungua na presha hushuka zaidi.

Hata hivyo si kila mguu uliovimba ni wa amlodipini. Mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu, huenda una damu iliyoganda. Uvimbe pamoja na kukosa pumzi ukilala chali unauelekea moyo. Uso uliovimba asubuhi na mkojo wenye povu ni habari ya figo.

Kundi la pili linaletwa na zile dawa ambazo majina yake kwenye boksi huishia na "pril": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, perindoprili. Hizi zilitokana na sumu ya nyoka. Jararaka ni nyoka wa Brazili ambaye akimuuma mtu presha yake huporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Maurício Rocha e Silva na wenzake, wakiichunguza sumu hiyo, waligundua kemikali ya mwilini inayolegeza mishipa wakaiita bradikinini. Katika miaka ya 1960 Mbrazili mwingine, Sérgio Ferreira, alifika na dondoo ya sumu hiyo London, kwenye maabara ya John Vane, na kutokana na kazi hiyo David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb walifanikiwa kutengeneza kaptoprili mwaka 1975. Marekani iliiruhusu itumike mwaka 1981.

Nimeitaja historia hiyo kwa sababu ndani yake mna kikohozi. Kimeng'enya kinachofungwa na dawa hizi kina kazi mbili: kinatengeneza kemikali inayobana mishipa, na kinavunja bradikinini. Kikifungwa, mishipa inalegea, ambalo ndilo lengo. Lakini bradikinini nayo inarundikana, hata kwenye njia za hewa, na kuzichokoza neva za koo. Kinachotokea ni kikohozi kikavu, cha kutekenya, kisicho na makohozi wala homa, kinachosumbua zaidi mtu akilala. Kinaweza kuanza siku ya kwanza au baada ya miezi. Tafiti mbalimbali zimekikuta kwa watu kati ya 5 na 20 katika kila 100, wanawake zaidi ya wanaume. Kupunguza dozi hakusaidii. Dawa ikiachwa, kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wachache hufika miezi mitatu.

Sasa kiweke kikohozi hicho katika nchi yenye kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili lazima apimwe makohozi. Utaratibu huo ni sahihi na usiguswe. Tatizo linakuja majibu yakiwa hasi. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza safari ya viuavijasumu, kisha dawa ya maji ya kikohozi, kisha dawa ya pumu, kisha dawa ya tindikali ya tumbo, na wakati wote huo enalaprili inaendelea kila asubuhi. Nadhani kila fomu ya kupeleka makohozi maabara ingepaswa kuwa na mstari wa kuuliza: mgonjwa anatumia dawa gani ya presha? Ni swali lisilogharimu hata shilingi. Na jibu likiwa la "pril", dawa mbadala ipo: losatani na ndugu zake hufunga mlango mwingine kabisa, haziigusi bradikinini, na kikohozi chake hakizidi cha mtu aliyemeza kidonge kisicho na dawa.

Kemikali hiyohiyo ndiyo inayoleta dhara linalotisha kuliko yote katika jamii hii, lile la kundi la tatu: midomo, ulimi, kope na koo kuvimba ghafla, bila vipele wala mwasho. Linaweza kumpata mtu aliyeitumia dawa miaka miwili bila tatizo, na ndiyo maana halishukiwi. Wengi hudhani ni chakula, dagaa au karanga, na kukimbilia dawa ya mzio. Dawa za mzio hazifanyi kazi vizuri hapa, kwa sababu uvimbe huu hautokani na histamini. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, njia ya hewa ilindwe, na asimeze tena "pril" yoyote maisha yake yote, hata ya kampuni nyingine, hata kwa dozi ndogo. Liandikwe kwenye jalada la daftari lake kwa kalamu nyekundu.

Dhara hilo ni la nadra, lakini unadra wake haulingani kwa watu wote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kwa kifupi cha ALLHAT, uliotangaza matokeo mwaka 2002 baada ya kulinganisha dawa tatu kwa watu 33,357, uvimbe huo uliwapata asilimia 0.4 ya waliomeza lisinoprili, na kwa washiriki weusi ulifika asilimia 0.7. Aidha lisinoprili iliishusha presha yao kidogo kuliko dawa nyingine. Uingereza, kwa mantiki hiyohiyo, inawashauri madaktari wamwanzishie mgonjwa mwenye asili ya Afrika dawa ya jamii ya amlodipini, na ikihitajika nyongeza, waipendelee losatani na wenzake kuliko "pril".

Mtu mweusi wa Alabama si Mluguru wala Mgikuyu, na kuzitia jamii zote za Afrika kapu moja la rangi ya ngozi ni sayansi legelege. Kwa bahati nzuri tunao ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti ulioitwa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, ulifanywa Kenya, Uganda, Msumbiji, Kameruni, Nigeria na Afrika Kusini kwa wagonjwa 728, ukilinganisha dawa mbilimbili kwa miezi sita. Michanganyiko yote miwili yenye amlodipini ndani yake iliishusha presha zaidi kuliko perindoprili pamoja na dawa ya kukojosha. Kwa hiyo amlodipini inastahili nafasi yake ya kwanza katika kliniki zetu. Na kwa kuwa ni ya kwanza, miguu iliyovimba ndiyo swali letu la kila siku.

Figo na potasiamu zina mambo yake. Jamii ya "pril" na jamii ya losatani zote hubakiza potasiamu mwilini, na ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Kwa mwenye figo nzima hili halina shida. Kwa mwenye figo zilizochoka, au anayemeza pia dawa ya kukojosha ya spironolaktoni, ambayo nayo hubakiza potasiamu, vyakula vya kawaida kabisa vinaanza kuwa na uzito: ndizi kila mlo, "chumvi ya presha" ambayo ndani yake ni potasiamu, na madafu. Wa pwani wataniwia radhi, lakini maji ya dafu ni miongoni mwa vinywaji vyenye potasiamu nyingi, na anayeyanywa kwa lita kwa kuambiwa "yanashusha presha" huku akimeza lisinoprili na figo zake hazijapimwa anacheza na moyo wake. Kipimo cha damu cha figo na potasiamu wiki mbili hivi baada ya kuanza dawa kingesema yote. Kliniki nyingi hazikifanyi.

Hatari zaidi kuliko dafu ni diklofenaki na ibuprofeni. Mtu anayemeza "pril" au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, kisha akaongeza kidonge cha maumivu cha jamii hiyo, amezibana figo zake kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Akiharisha au kutapika siku mbili juu ya hapo, figo zinaweza kugoma. Mwenye presha mwenye goti bovu aanze na paracetamol, na muuza dawa anayetoa diklofenaki bila kuuliza habari ya presha anafanya biashara tu.

Kwa wajawazito hakuna mjadala. "Pril" na losatani huharibu figo za mtoto tumboni, hasa kuanzia miezi ya kati ya mimba. Binti wa miaka 28 anayeanzishiwa dawa hizi ana haki ya kuulizwa kama anapanga kuzaa, na kuambiwa arudi mapema akikosa siku zake. Methyldopa na nifedipini zipo kwa ajili hiyo.

Linabaki lile ambalo wanaume hawalisemi mbele ya muuguzi aliye rika la binti yao. Dawa za jamii ya propranololi na atenololi, ambazo chimbuko lake ni kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960, zina sifa mbaya ya kuua nguvu za kiume. Dawa za kukojosha nazo zimo katika lawama hiyo. Je, ni kweli? Kwa kiasi. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Wanaume 96 walipewa atenololi, wakagawanywa makundi matatu. Kundi ambalo halikujua linameza nini, asilimia 3.1 walipata tatizo hilo. Waliotajiwa jina la dawa bila kuelezwa madhara, asilimia 15.6. Walioambiwa kila kitu, asilimia 31.2. Dawa ni ileile, dozi ni ileile.

Hapa kuna mtego kwa mwandishi wa makala kama hii, maana kila anayeisoma amesogezwa kutoka kundi la kwanza kwenda la tatu. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema basi tunyamaze. Mitaani hakuna ukimya. Kijiwe cha kahawa kimeshamwambia mzee kila kitu, na kwa kutia chumvi. Bora aambiwe na daktari kwamba wengi hawapati tatizo, kwamba presha yenyewe isipotibiwa huharibu mishipa ileile inayohitajika, na kwamba likitokea dawa itabadilishwa bila aibu wala maswali mengi. Asipoambiwa hivyo, ataacha dawa na kununua unga wa kuongeza nguvu. Baadhi ya bidhaa hizo zimewahi kukutwa na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, iliyofichwa ndani, na kwa mgonjwa wa moyo anayeweka dawa ya maumivu ya kifua chini ya ulimi, mchanganyiko huo unaweza kuporomosha presha hadi kuua.

Jamii hii ya atenololi inataka tahadhari mbili zaidi. Mwenye pumu asipewe propranololi. Na asiwepo wa kuiacha ghafla: mapigo ya moyo hurudi kwa kasi, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Amlodipini haina ubaya huo. Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo aliyesahau siku moja asimeze viwili kesho yake.

Dawa za kukojosha kama haidroklorothiazaidi zina maudhi ya kijamii kuliko ya kitabibu. Anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam hazimezi siku hiyo. Aende mazikoni, hazimezi. Katika Ramadhani, aliyezimeza wakati wa daku hukauka ifikapo alasiri. Kwa wengi daktari anaweza kuzihamishia baada ya futari. Kuna pia onyo lililotolewa Ulaya mwaka 2018, kufuatia tafiti za Denmark, kwamba matumizi ya miaka mingi ya dawa hii huambatana na ongezeko la saratani za ngozi zinazohusiana na jua. Kwa ngozi nyeusi hili halinisumbui sana. Kwa mtu mwenye ualbino ningependa dawa nyingine ijaribiwe kwanza, kwa tahadhari tu, maana Wadenmark wale si yeye.

Ukitazama yote haya kwa pamoja, nguvu ya dozi ndiyo inayojitokeza. Mwaka 2003 Malcolm Law na wenzake wa London walijumlisha majaribio 354 ya dawa za presha. Nusu ya dozi ya kawaida ilishusha presha kwa takriban asilimia 80 ya ilichoshusha dozi kamili. Maudhi, kinyume chake, yaliporomoka: kwa jamii ya amlodipini kutoka asilimia 8.3 hadi 1.6, kwa dawa za kukojosha kutoka 9.9 hadi 2. Kwa "pril" yalibaki 3.9 palepale, kwa sababu kikohozi hakijali dozi. Kwa hiyo dawa mbili kwa dozi ndogo zinamfaa mgonjwa kuliko moja iliyopandishwa hadi mwisho, na Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vyenye dawa mbili ndani yake kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mazoea ya kliniki, ya kuipandisha ya kwanza hadi ikome ndipo ifikiriwe ya pili, yamepitwa na hesabu.

Takwimu nilizozitumia karibu zote zimetoka mbali. CREOLE yenyewe ilikuwa miezi sita, muda ambao uvimbe wa koo unaokuja mwaka wa pili hauonekani. Tanzania na Kenya zina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, inayopokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba upande mmoja na Bodi ya Famasia na Sumu upande wa pili, na taarifa zake huungana na za dunia nzima huko Uppsala, Sweden. Inauliza mambo mepesi: dawa gani, dozi gani, ilianza lini, tatizo lilianza lini, dawa ilipoachwa tatizo liliisha? Mhudumu aliyeijaza kwa mgonjwa mmoja mwenye midomo iliyovimba ameifanyia Afrika Mashariki utafiti ambao hakuna kampuni itakayoulipia.